Bakshishi ya Mwalimu wa Kuzamia

Jumatatu, 14 Julai 2025

Zipu. Hiyo ndiyo sauti iliyonibaki kichwani tangu mchana. Si maji, si mtungi wa hewa unavyokohoa, si meno yangu yakigongana (bwawa la hoteli Kitale mwezi wa Julai si bwawa, ni friji isiyo na mlango). Zipu ya begi la Mwalimu Hashim. Vivian aliinama, akatia kitu ndani, akafunga. Zzzip. Kisha akatabasamu.

Mimi nilikuwa majini hadi puani. Sikuona ni kitu gani. Sikuhitaji kuona.

Tuliza moyo, Nasike. Andika kwa utaratibu.

Shirika moja linatufundisha vijana wa Bungoma na Trans-Nzoia kuzamia kwa mitungi, ili mto Nzoia ukimchukua mtu tusiendelee kusimama ukingoni na kamba ya kufungia ng'ombe. Jumamosi ni mtihani. Mmoja wetu atapelekwa Pwani kwa kozi ya juu, na akirudi atakuwa kiongozi wa kikosi. Kwa mshahara. Nina shahada ya uzamili ya maadili, na tangu nihitimu kazi yangu imekuwa kuanika mahindi ya Mama kule Kabuchai na kuyaanua mvua ikija. Nafasi hii ni yangu. Nimeamua.

Anayeamua, kwa bahati mbaya, ni Mwalimu Hashim. Mzaliwa wa Kitale, mtaa wa karibu na msikiti. Alijifunza kuzamia Pwani akarudi nyumbani. Mpole. Hutema mate ndani ya miwani ya kuzamia ili isishike ukungu. Kwetu mzee akikutemea mate amekubariki, kwa hiyo alipotema kwenye miwani yangu niliinamisha kichwa. Wenzangu walicheka. Vivian ndiye aliyecheka muda mrefu kuliko wote.

Vivian ni wa Saboti. Anaelea kama kifuniko cha chupa. Anamsalimia mwalimu "Niaje". Na sasa ametoa bakshishi.

Je, mwalimu wa kuzamia hupewa bakshishi? Nimepekua tasnifu yangu, "Mpaka kati ya Zawadi na Rushwa". Haina neno moja kuhusu kuzamia. Msimamizi wangu aliipitisha hivyohivyo. Aibu kwake.

Jumanne, 15 Julai

Sikulala vizuri. Kitanda cha Senge Bilha kina bonde katikati, na mimi nilikuwa na mawazo. Senge ni dada ya marehemu baba. Ananihifadhi hapa Kitale wiki hii ya mafunzo na hanilipishi chochote, ila ananiuliza kila jioni kama huko majini hakuna mwanamume mwenye akili.

Hoja zangu. Mhudumu wa hoteli hupewa bakshishi kwa kuleta sahani. Mwalimu wa kuzamia ananirudisha juu nikiwa hai. Sahani na uhai, kipi kizito? Lakini mwalimu analipwa na shirika. Lakini mhudumu naye analipwa. Lakini mhudumu hanitahini Jumamosi.

Hapo ndipo penye mwiba. Ukimpa mwalimu kitu kabla ya mtihani, ni rushwa. Ukimpa baada ya mtihani, ni shukrani safi, isiyo na doa, na isiyo na faida yoyote. Unamshukuru mtu kwa uamuzi ambao hawezi tena kuubadilisha. Nimelifikiria hadi chai ikapoa. Nimepata jibu: shukrani ya mapema. Naishukuru kazi ambayo bado anaifanya. Kimaadili ni jambo jipya kabisa. Ningekuwa bado chuoni ningeliandikia makala.

Utekelezaji: bahasha haitafaa, bahasha ina sura ya hatia. Nilikunja noti, nikaitia ndani ya kiatu chake cha kushoto alipokuwa majini. Jina sikuandika. Nilitegemea macho yangu yamwambie.

Mwalimu alivaa kiatu, akakivua, akaitazama noti. Akainua mkono akauliza ni nani ameangusha pesa yake kwenye kiatu. Nilimtazama kwa macho yenye maana. Akaniuliza kama maji yameniingia machoni. Akauliza tena, kwa sauti kubwa, ni ya nani. Ningesema nini mbele ya Vivian?

Basi akasema pesa isiyo na mwenyewe ni ya wote, akamtuma mlinzi wa bwawa alete sambusa. Vivian akatuombea, akamshukuru Mungu kwa mfadhili asiyejulikana, amzidishie alipopunguza. Nikasema amina. Alikula sambusa nyingi kuliko mtu yeyote. Akaniuliza mbona sili, ama mimi ni wale wasomi wa kula saladi tu.

Jumatano, 16 Julai

Maji baridi zaidi. Midomo yangu ya rangi ya zambarau. Mwalimu amenisifu mbele ya wote, ati napumua chini ya maji kama mtu aliyelala, taratibu, hewa inadumu. Kwa nini ananisifu? Labda anamfariji aliyekwisha kushindwa.

Wakati wa kupumzika, Vivian alimwendea mwalimu akamwomba afungue begi, amrudishie dawa yake ya meno. Dawa ya meno. Kumbe ndiyo aliyoitia begini Jumatatu, kwa sababu kusugulia miwani dawa ya meno kunazuia ukungu kuliko mate, na mwalimu alitaka kuijaribu.

Mtu mwepesi angepumua na kuyaacha. Mimi si mtu mwepesi. Dawa ya meno ni nini, kama si kitu chenye thamani kilichotoka mkononi mwa mtahiniwa kikaingia begini mwa mtahini? Leo dawa ya meno, kesho ng'ombe. Na walivyokuwa wakicheka pamoja. Lazima nichukue hatua, na safari hii isiwe pesa. Pesa haina adabu. Haina kwao.

Kuku.

Namna gani sikuliona mapema? Sisi watu wa Bungoma tunamheshimu mtu kwa kuku. Mhubiri huja, kuku. Mwalimu mkuu huhamishwa, kuku. Hakuna aliyewahi kumshtaki mtu kwa kuku.

Alhamisi, 17 Julai

Siku njema kuliko zote. Naandika polepole ili niionje tena.

Asubuhi nilimwomba Senge Bilha mmoja wa kuku wake. Akauliza wa nani. Nikasema wa Mwalimu Hashim. Akauliza huyo Hashim ameoa. Nikasema sidhani. Akauliza mama yake yuko. Nikasema yuko, wanakaa karibu na msikiti. Senge akakaa juu ya ndoo. Akauliza tena, taratibu, kama mimi mwenyewe nimelifikiria jambo hili. Nikamwambia nimelifikiria usiku na mchana, tangu Jumatatu. Akauliza vipi kuhusu dini. Nikamwambia nimelifikiria hilo pia: ndiyo maana nataka kuku mzima, hai, wachinje wenyewe kwa utaratibu wao. Akanishika mkono. Alisema nimekomaa.

Kisha akasema kuku wa namna hii hapelekwi na msichana peke yake, na hapelekwi bwawani. Hupelekwa nyumbani, kwa mama. Nikaona hekima ya ajabu: nyumbani hakuna Vivian. Senge akapiga pasi kitenge chake cha Krismasi. Akachagua tetea mwekundu mwenye mwili, akamfunga miguu kwa utepe mweupe. Nikamwambia utepe umezidi. Akasema kuna siku mtu hapaswi kubana.

Bi Zulekha, mama yake Hashim, alitupokea vizuri sana. Mwanamke mnene, mcheshi, amezaliwa Kitale hiihii na anajua Kibukusu kuliko mimi. Alimwona kuku, akamwona Senge, akaniona mimi, akaita mtoto wa jirani alete soda. Wakaongea juu ya mvua, mahindi, nani alizaa nani Webuye. Senge akaanza kunisifu: sijui kukaa bure, nina digrii mbili na sina maringo, nyumbani kwetu hakuna ugonjwa wa kichwa. Nilishangaa kidogo. Kisha nikaelewa kuwa ananipigia debe la mtihani, mbinu ya kizamani lakini haiharibu kitu.

Bi Zulekha akaniuliza kama najua kupika pilau. Nikajibu hakuna kitu nisichoweza kujifunza kwa wiki moja, kuzamia nimejifunza hivyo. Akacheka hadi akajifuta macho. Akauliza kama dini yao itanisumbua. Nikasema naheshimu dini zote, nilizitolea semina chuoni. Mwisho akainama kunielekea, akaniuliza kama kweli nampenda Hashim wake.

Nilisema ukweli. Nampenda sana anavyofundisha, hasa anavyonishika mkono kule chini nikiogopa.

Bi Zulekha alimtazama Senge. Senge alitazama dari.

Nadhani mtihani nimeshaupita.

Ijumaa, 18 Julai

Nitaandika kwa ufupi.

Mwalimu Hashim alinisubiri langoni. Macho mekundu, si ya maji. Alisema mama yake alimwamsha kabla ya alfajiri akilia. Kwa furaha. Ati amekuwa akimwomba Mungu mkwe, lakini hakujua Mungu angemleta na kuku. Majirani wameambiwa. Fundi wa nguo ameambiwa. Imamu ameulizwa swali, kwa upole, bila kutaja majina, ila jina langu.

Nilimweleza kuwa kuku alikuwa bakshishi.

Alinitazama kama anavyotazama mtungi wenye tundu. Akasema walimu wa kuzamia Pwani hupewa bakshishi na watalii, ndiyo, na huipokea. Lakini mtalii hutoa akiwa anaondoka, baada ya kazi kwisha, na hamleti shangazi yake. Akasema jambo la pili, na hili ndilo linaloniuma: tangu Jumatano alikuwa ameshaamua. Jina langu. Kwa sababu ya kupumua. "Si ungekaa tu, Nasike. Ungekaa tu."

Nikamwambia basi hakuna tatizo, aendelee kuamua hivyohivyo. Akasema hawezi. Msichana ambaye mama yake anamwita mkwe, atamtahini vipi? Watu watasema nini? Ameshapiga simu kwa shirika, amejitoa. Kesho atatutahini Bwana Nderitu, mkuu wa shirika wa eneo hili, kutoka Bungoma.

Nilirudi kwa Senge nikiwa na hasira. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Senge alikuwa akichambua mboga, hakuinua kichwa. "Wee mtoto. Msichana, senge yake, na kuku mzima, mlangoni kwa mama ya kijana hajaoa. Kwani ulifikiri tumeenda kupimwa presha?"

Nikasema nilidhani ni heshima tu. Akasema ndoa nayo ni heshima, kwani ni matusi? Kisha akaniuliza kama kweli simtaki, maana kijana ana adabu na meno yote. Nikajifungia chumbani.

Jioni Mama alipiga simu kutoka Kabuchai. Amesikia. Hajui alie au acheke, kwa hiyo alifanya yote mawili. Kaka yangu Walubengo akachukua simu akasema afadhali mmoja wetu anaolewa, maana yeye wamemchosha, kila Jumapili wanamuuliza ataoa lini kana kwamba wake wanauzwa kanisani. Nikawaambia sijaolewa. Walubengo akasema haraka haraka haina baraka.

Jumamosi, 19 Julai

Mtihani.

Bwana Nderitu hajui kuogelea. Alikuja na koti na tai, akatandika taulo ukingoni, akalala kifudifudi na kuingiza uso majini akiwa amevaa miwani ya kuzamia. Kutoka chini alionekana kama samaki wa serikali. Mwalimu Hashim alikuwa nasi ndani ya maji kwa usalama tu. Hakunitazama hata mara moja. Mimi pia sikumtazama, na nilihesabu hilo kuwa ushindi.

Kupumua: vizuri. Kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena: vizuri. Kisha zoezi la mwisho, la wawili wawili. Mmoja anaonyesha kwa mkono shingoni kwamba hewa imemwishia. Mwenzake anautoa kinywani mdomo wa kupumulia wa mtungi wake na kumpa. Wanapokezana hadi juu. Ndilo zoezi lenyewe la uokoaji, mengine ni mapambo.

Nikapangwa na Vivian.

Vivian akapitisha mkono shingoni. Hana hewa. Nikautoa mdomo wangu wa kupumulia, nikamnyooshea. Nikasita.

Kusita kwenyewe kulikuwa na mantiki. Nikimpa upesi sana, Nderitu ataona nimefanya vizuri, lakini pia ataona Vivian ametulia na kupokea vizuri. Tutakuwa sawa. Nikimpa polepole, Vivian atababaika, nami nitaonekana mtulivu. Lakini je, hewa ninayompa ni zawadi, au ni wajibu, au ni kitu ninachotoa nikitarajia nafasi ya Pwani? Na kama natarajia, je, si yaleyale? Sura ya nne ya tasnifu inagusia hili. Nilikuwa naikumbuka vizuri sana, karibu neno kwa neno, wakati Vivian aliponinyang'anya mdomo wa kupumulia na Mwalimu Hashim akatuvuta wote wawili juu kwa kola.

Tulibadilishana zamu. Nilipopitisha mkono shingoni, Vivian alinipa kabla sijamaliza kuupitisha. Ni kama hakufikiria kabisa.

Bwana Nderitu aliinuka na alama ya miwani usoni. Akaniuliza kulikuwa na nini kule chini. Nikaanza kumweleza. Akasema inatosha.

Vivian anaenda Pwani. Alinifuata nikikunja vazi la mpira, akaniambia pole. Nikamwambia nilikuwa nafikiria. "Bana, si ungenipa hewa kwanza, halafu tufikirie pamoja huko juu?" Alisema bila chuki. Hilo ndilo lililonichoma.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani na Senge. Mahubiri yalikuwa juu ya kutoa. Nilihisi nimesemwa.

Baadaye tulirudi kwa Bi Zulekha kuomba radhi. Senge alizungumza, mimi nikatazama zulia. Bi Zulekha alisikiliza yote, akasema makosa ni ya binadamu. Fundi wa nguo ataambiwa. Imamu ataambiwa. Akacheka kidogo, si sana. Akasema alikuwa ameshaanza kunizoea. Hashim alikuwa nyuma ya pazia, niliona vidole vya miguu.

Senge akauliza kuhusu kuku, kwa adabu, kama wangependa kumrudisha. Bi Zulekha akasema kwao zawadi hairudi.

Habari kubwa: tukitoka, mwenzetu wa mafunzo, Ngige, alinipigia simu. Bwana Nderitu amewaambia kuwa huenda shirika likalipia mtu wa pili kwenda Pwani. Jina litatoka mwisho wa mwezi. Ataamua yeye mwenyewe.

Nimerudi nyumbani Kabuchai jioni hii. Nimekaa na kujichunguza bila huruma. Nimekosea wapi? Nimejiuliza mara nyingi, na sasa nimejua. Sikukosea kutoa. Nilikosea mtu. Kijana, hajaoa, na mimi msichana, tena niende mwenyewe na senge. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona.

Elimu ni kujua kosa lako lilipo.

Jumanne, 22 Julai

Nimechunguza kila kitu. Bwana Nderitu ni mtu mzima, ana mke wake wa miaka mingi, wanaishi Bungoma mjini. Hana mtoto wa kiume hata mmoja. Mabinti watupu, na wote bado wako nyumbani. Yaani katika boma lile hakuna mwanamume hata mmoja wa kunioa. Safi.

Na kuku hapana. Yeye ni Mkikuyu. Kila jamii ina lugha yake ya heshima, na msomi anajifunza lugha ya mwenyeji. Nimeuza kabati langu la vitabu, pamoja na vitabu vyote vya maadili, na jana nikaenda Misikhu, kwenye soko la mifugo, na Walubengo wa kushika kamba. Muuzaji, mzee wa Kikuyu anayeitwa Wachira, aliuliza mbuzi anapelekwa wapi. Nikasema ni wa kupeleka kwa mzee mmoja wa kwao, mwenye mabinti, tunataka kufanya heshima iliyo kamili. Uso wake ukafunguka. Akasema nisinunue mbuzi yeyote tu: nichukue mbuzi jike mchanga na kondoo jike ambaye hajazaa. Hao wawili, akasema, kwao ndio hubisha hodi, mzee akiwaona hatauliza swali. Akanichagulia mwenyewe, akapunguza bei. Kisha akamshika Walubengo mkono na kuutikisa kwa muda mrefu, akamwambia asiongee sana huko, amwachie mzee wa upande wetu aongee. Watu wa biashara wana ukarimu wa ajabu.

Mimi siendi. Hilo ndilo badiliko kubwa. Hakuna msichana, hakuna senge, hakuna mwanamke yeyote katika msafara. Mjomba Mukhwana atasema maneno machache ya shukrani, kwa kuwa ndiye anayejua kusimama mbele ya watu, na Walubengo atashika wanyama. Nimewaambia wavae suti. Nimemwambia Walubengo anyoe ndevu, achomekee shati, asikae hadi aambiwe, na akiletewa chai na binti yeyote wa pale amshukuru kwa jina. Mama aliuliza kwa nini Walubengo amependeza hivyo. Nikamwambia ni mambo ya kikazi.

Sijaacha mlango hata mmoja wazi kwa mtu kunielewa vibaya. Wameondoka asubuhi, na Mjomba amenitumia ujumbe kuwa wamefika, wamepokelewa vizuri mno, na mke wa Nderitu ameagiza wazee wa jirani waitwe.